Modeli ya Jicho Changa Ikienda Kombo: Dalili, Vyanzo na Pa Kuanzia

Malalamiko ya watu wanaotumia picha za hadubini kujenga modeli za kompyuta za jicho linalokua yanafanana mno. Huyu kikombe cha jicho, yaani retina changa iliyojikunja kama kikombe, kimetoka kimebonyea kama mpira uliokaliwa. Yule seli zake zinaruka kutoka upande mmoja wa retina hadi mwingine ndani ya dakika tano. Mwingine modeli yake inalingana na picha vizuri ajabu, lakini hawezi kueleza kwa nini.

Kosa linaloonekana katika hatua moja kwa kawaida limezaliwa hatua moja au mbili nyuma yake. Mnyororo ni huu: sampuli, picha, usafishaji wa picha, kutenganisha viini vya seli, kufuatilia seli, kujenga uso wa tishu, halafu modeli yenyewe. Ukikwama, rudi nyuma. Wengi hufanya kinyume: wanaongeza vigezo kwenye modeli ili ifiche ubovu wa picha.

Mifano mingi hapa ni ya samaki pundamilia (Danio rerio), kwa sababu kiinitete chake kinapitisha mwanga na jicho lake hukua haraka. Lakini dalili ni zilezile kwa kuku, panya na oganoidi za retina (vijitishu vinavyokuzwa maabara kutokana na seli shina).

Kabla ya kugusa chochote

Faili asilia zifunge ziwe za kusomwa tu. Fanya kazi kwenye nakala, nayo iwe TIFF au muundo mwingine usiopoteza taarifa. Picha ikishapita kwenye JPEG, mipaka ya seli imeshaharibiwa na hakuna programu ya kuirudisha.

Andaa pia vitu viwili vya kupimia. Cha kwanza ni kipande kidogo cha picha halisi, chenye viini hamsini hivi, unachoweza kukipitisha hatua zote kwa muda mfupi. Cha pili ni tufe bandia ulilolichora kwa kompyuta, la kipenyo unachokijua. Tufe likiingia mviringo likatoka umbo la yai, umeshajua kwamba tatizo halimo kwenye kiinitete.

Dalili: jicho limebonyea au limerefuka kwa upande mmoja

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na mara nyingi haina uhusiano wowote na biolojia.

Anza na vipimo vya vokseli, yaani pikseli yenye kina. Pikseli inaweza kuwa na upana wa mikroni 0.3 huku hatua ya kina ikiwa mikroni 2, lakini programu ikadhani kila vokseli ni mchemraba. Kwenye Fiji, programu ya kuchakata picha za hadubini, fungua sifa za picha usome namba tatu. Ukikuta 1, 1, 1, au kipimo kimeandikwa inchi, umeshamkamata mwizi. Usiishie kukagua faili ya kwanza: vipimo hupotea picha inapokatwa, inapopunguzwa ukubwa au inapobadilishwa muundo, kwa hiyo vikague kila hatua inapoanza na inapoisha.

Kama namba ni sahihi, tazama mpangilio wa mihimili. Fiji huorodhesha X, Y, Z, ilhali maktaba nyingi za Python husoma Z kwanza. Kuna pia faili ambazo muda husomwa kama kina. Hizo hujifichua zenyewe: ulipiga nyakati 60, na sasa una jicho lenye tabaka 60 na wakati mmoja tu.

Sababu ya tatu ni ngumu zaidi kuiona, nayo ni kupinda kwa mwanga. Lenzi ya hadubini inayofanya kazi hewani ikiangalia sampuli iliyomo majini, meza ikisogea mikroni 1 kitovu cha ukali ndani ya sampuli husogea takriban mikroni 1.33, na zaidi kidogo kwa lenzi zenye uwazi mkubwa wa kupokea mwanga. Ukiandika 1 kwenye faili, jicho litabonyea kwa karibu robo. Lenzi ya mafuta juu ya sampuli ya majini hufanya kinyume: jicho hurefuka. Tiba bora ni lenzi ya majini. Ikikosekana, rekebisha hatua ya kina kwa hesabu, kisha hakikisha kwa kupima shanga zinazong'aa, za kipenyo kinachojulikana, zilizogandishwa ndani ya agarosi (jeli inayoishikilia sampuli) ileile.

Mwisho kabisa ndipo uishuku sampuli: kifuniko cha kioo kimeikandamiza, au imesinyaa kwa dawa za kuhifadhia na kukausha. Alkoholi husinyaza tishu, wakati baadhi ya dawa za kuifanya ipitishe mwanga huivimbisha, kwa hiyo mikroni za sampuli iliyohifadhiwa zisilinganishwe na za kiinitete kilicho hai bila kipimo cha marekebisho.

Kipimo cha haraka ninachokipenda ni lenzi ya jicho lenyewe. Ya samaki pundamilia ikishajitenga ni karibu tufe kamili. Ipime kwa mihimili mitatu. Kama nayo imekuwa yai kuelekea kina, kosa ni la upigaji picha. Kama lenzi ni mviringo na retina peke yake ndiyo imebonyea, hapo sasa unaweza kuanza kuamini kwamba umeona jambo la kweli.

Simama hapa: ikiwa shanga bado zinatoka na vipimo vya ajabu baada ya marekebisho yote, meza ya hadubini au injini yake ya kina huenda imeharibika. Usifungue mashine. Ndani mna leza inayoweza kuunguza retina yako mwenyewe kabla hujapepesa. Mwite fundi aliyeidhinishwa.

Dalili: upande wa ndani wa retina ni giza, umefifia au una michirizi

Mtuhumiwa wa kwanza ni melanini, rangi nyeusi ya mwili. Tabaka la rangi lililo nyuma ya retina ya samaki pundamilia huanza kuwa jeusi karibu na saa ya 24 baada ya utungisho, na kutoka hapo mwanga haupiti. Wengi hutumia dawa ya PTU, kwa kawaida asilimia 0.003, kabla ya saa hiyo. PTU huzuia melanini mpya na haifuti iliyokwisha kutengenezwa, kwa hiyo kuchelewa ni sawa na kutoitumia. Wengine hufuga aina ya samaki hawa iitwayo nacre wakidhani wamemaliza kazi, kumbe aina hiyo hukosa seli nyeusi za mwilini tu. Tabaka la rangi la jicho hubaki jeusi vilevile.

PTU ina deni lake pia: hupunguza ukubwa wa jicho. Kama modeli yako inahusu ukubwa au kasi ya kukua, viinitete vya kulinganishia navyo viwekwe kwenye PTU, kwa kiasi kilekile na kuanzia saa ileile. Kulinganisha jicho lililokaa kwenye PTU na ambalo halijakaa ni kupima dawa.

Kinachofuata ni kutawanyika kwa mwanga kadiri unavyoingia ndani, halafu lenzi ya jicho. Lenzi hiyo hupinda mwanga, kwa hiyo sehemu ya retina iliyo nyuma yake huonekana imehama na kuchafuka. Kabla ya kutafuta programu, geuza kiinitete. Pengine kukipiga picha kutoka mgongoni, au kutoka pande mbili kisha kuunganisha, kutamaliza shida yote. Michirizi iliyonyooka kwenye hadubini ya mwanga bapa ni vivuli vya uchafu au vya rangi. Safisha agarosi, na kama mashine ina uwezo wa kuyumbisha mwale, uwashe.

Kusawazisha mwangaza wa tabaka za ndani kwa programu kunakubalika pale unapotaka kutenganisha viini. Picha hiyohiyo usiitumie kupima wingi wa protini, maana mwangaza wake umeshauandika wewe.

Kama giza linaongezeka kwa muda badala ya kina, rangi inafifia kwa leza. Punguza nguvu ya leza, ongeza muda kati ya picha.

Simama hapa: ukiona viini vinakatika kuwa punje ndogo ving'avu, au seli zinaingia kwenye mgawanyiko na kukwama humo, mwanga unaua tishu. Data hiyo haisafishiki. Achana nayo, anza na kiinitete kipya na leza ndogo.

Dalili: viini vimegandana, au kiini kimoja kimekatwa vipande

Retina changa ni mahali pagumu kwa kazi hii. Kila seli hunyooka kutoka uso wa nje hadi uso wa ndani wa tishu, lakini viini vyao hukaa kwenye vimo tofauti, vyembamba, vimebanana. Programu iliyofunzwa kwa seli zilizotawanyika kwenye sahani itapotea humo.

Kugandana husababishwa kwanza na hatua kubwa ya kina. Kiini kinachopitiwa na tabaka mbili au tatu tu hakina mpaka unaoonekana. Lenga tabaka tano au zaidi kwa kila kiini, jambo ambalo kwa kawaida hudai hatua ya mikroni 1 au chini yake. Sababu ya pili ni kizingiti kimoja cha mwangaza kwa picha nzima. Mbinu ya Otsu ya mwaka 1979 ya kuchagua kizingiti hicho bado ni nzuri, ila inadhani picha ina makundi mawili ya mwangaza, na jicho lenye upande wa juu unaong'aa na wa chini uliofifia halitimizi sharti hilo. Tumia kizingiti cha eneo dogodogo. Sababu ya tatu ni kulainisha picha kupita kiasi.

Kukatwa vipande ni kinyume chake: chenga nyingi kwenye picha, kulainisha kidogo mno, au mbegu (sehemu za kuanzia) nyingi kupita kiasi katika mbinu ya mabonde ya maji. Katika Cellpose, programu ya kutenganisha seli na viini, kipenyo ulichoandika kikiwa kidogo kuliko kipenyo halisi, utapata vipande. StarDist, programu nyingine ya kazi hiyo, nayo inadhani kwamba ukisimama ndani ya kiini unaweza kuuona mpaka wake wote bila kizuizi. Kiini kilichopinda kama ndizi kinavunja dhana hiyo na kukatwa. Na kumbuka kuiambia tofauti kati ya upana wa pikseli na hatua ya kina.

Chora grafu ya ujazo wa viini vyote. Nundu ya pili kwenye ujazo mara mbili ni dalili ya kugandana, ila si ushahidi kamili, kwa kuwa kiini kinachojiandaa kugawanyika nacho huongezeka. Fungua viini kadhaa vya nundu hiyo uvitazame kwa macho.

Usijiridhishe na hesabu ya jumla. Programu inayogandisha viini 100 na kukata vingine 100 itakupa jumla safi kabisa. Linganisha kiini kwa kiini, kwa kupima ni kiasi gani umbo la programu linaingiliana na umbo lililochorwa kwa mkono.

Tiba ya kina ni kuifunza programu upya kwa michoro yako ya mkono. Chora kutoka juu, katikati na chini kabisa ya tishu, na kutoka umri mchanga na mkubwa. Kiinitete cha kufanyia mtihani kiwe kizima na pembeni. Ukichukua vipande vya mtihani kutoka kwenye kiinitete kilekile cha mafunzo, utapata alama za juu zisizokuwa na maana.

Simama hapa: wape watu wawili wenye uzoefu kipande kimoja wakichore bila kuonana. Wasipokubaliana mipaka iko wapi, hakuna algoriti itakayokubaliana nao. Rudi kwenye hadubini.

Dalili: seli zinaruka, zinapotea au zinaungana

Kiini cha seli ya retina changa hakitulii. Kabla ya kugawanyika hukimbilia uso wa nje, ule unaogusana na tabaka la rangi, hugawanyika huko, kisha viini wana hurudi ndani polepole. Mbio hizo ndizo zinazovunja ufuatiliaji, kwa hiyo sababu ya kwanza ni muda mrefu kati ya picha. Kipimo rahisi: mwendo wa kiini kutoka picha hadi picha uwe chini ya nusu ya umbali hadi kiini jirani. Ukizidi hapo, programu inabahatisha.

Baada ya hapo shuku utenganishaji wa viini, kisha mipangilio: katika TrackMate, programu ya kufuatilia seli, umbali wa juu wa kuunganisha ni mdogo, au ruhusa ya wayo (njia ya seli kutoka picha hadi picha) kugawanyika haijawashwa.

Biolojia yenyewe inakupa ukaguzi wa bure. Seli hizi hazitarajiwi kuungana, kwa hiyo nyayo mbili zinazokuwa moja ni kosa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Migawanyiko karibu yote ya hatua za mwanzo iwe kwenye uso wa nje. Ukiiona imejaa upande wa ndani, mhimili umegeuzwa au unahesabu migawanyiko hewa. Tahadhari moja: baadaye, seli zinazozaa seli mlalo za samaki pundamilia hugawanyika ndani ya tabaka lao, kwa hiyo usizifute zote.

Watu hawapendi kusikia hesabu ifuatayo. Programu inayounganisha sahihi kwa asilimia 99 katika kila hatua, ikipita hatua 100, itakuachia takriban asilimia 37 tu ya nyayo zisizo na kosa. Kwa ukoo wa seli, pitia nyayo kwa mkono, hata kama ni chache. Nyayo 40 zilizokaguliwa zina faida kuliko 4,000 za kubahatisha.

Dalili: tishu yote inahama kwa pamoja

Agarosi imelainika, chumba kimepata joto, au kiinitete kinajinyoosha mkia. Kagua dawa ya usingizi na joto kwanza. Kwenye programu, rekebisha kwa kusogeza na kuzungusha tu. Ukiruhusu marekebisho yanayovuta na kunyumbua picha, programu itaumeza ukuaji wenyewe unaoutafuta.

Dalili: uso una ngazi, mashimo, au mpindo usioeleweka

Ngazi hutokana na kujenga wavu wa pembetatu moja kwa moja juu ya picha ya ndiyo na hapana, ambayo kila vokseli ni ama tishu ama si tishu. Lainisha picha hiyo kabla ya kujenga uso, ukianza na vokseli zilizosawazishwa pande zote.

Mpindo ni nyeti kwa sababu unatokana na badiliko la badiliko, kwa hiyo kila chenga hukuzwa. Hapa tufe bandia linalipa: tufe lenye nusukipenyo (kitovu hadi uso) cha mikroni 50 lazima litoe mpindo wa wastani wa 0.02 kwa mikroni. Ongeza ulainishaji hadi upate namba hiyo kwa uthabiti, kisha acha. Ukiendelea, wavu utasinyaa na kikombe kitapoteza ukingo wake, mahali palepale ambapo tishu hujikunja kuingia ndani. Mpindo ukitoka na alama ya kinyume, pembetatu zimeangalia ndani.

Kuhusu mashimo, fikiri kabla ya kubonyeza amri ya kuziba. Upande wa chini wa kikombe cha jicho una ufa wa koroidi, nao ni wa kweli. Programu nyingi huuziba kimyakimya, na modeli yako huanza maisha ikiwa imeshamaliza hatua ambayo tishu haijaifikia. Ufa ambao haujaziba hadi mwisho kwa binadamu ni koloboma, lakini uso uliotoka kwenye mnyororo huu usitumike kupimia jicho la mgonjwa yeyote. Hiyo ni kazi ya daktari wa macho.

Dalili: modeli inalipuka, inaganda, au inapatia kupita kiasi

Modeli inayolipuka kwanza ikaguliwe vipimo: kasi iliyopimwa kwa dakika imeingizwa mahali pa saa. Kisha punguza hatua ya muda kwa nusu. Tabia ikibadilika sana, hatua ilikuwa kubwa. Halafu tafuta vipande vya wavu vilivyopinduka, na mwisho masharti ya mipakani: je, umesema kingo za kikombe zimeshikwa na nini?

Modeli ikikwenda vizuri lakini kwa kasi isiyolingana na picha, uliza kuhusu joto. Ratiba za samaki pundamilia zimeandikwa kwa nyuzijoto 28.5. Chumba kikiwa baridi zaidi, saa 24 za ukutani si saa 24 za kiinitete. Panga sampuli kwa hatua ya ukuaji inayoonekana.

Modeli inayopatia ndiyo inayonitia shaka zaidi. Maumbo yaleyale ya kikombe yanaweza kutokana na seli kukaza upande wao wa ndani, na tishu kuingia kupitia ukingo, na hata msukumo kutoka nje. Mwaka 2011, timu ya Mototsugu Eiraku na Yoshiki Sasai nchini Japani ilionyesha seli shina za panya zikijiundia kikombe cha jicho kwenye chombo cha maabara, bila lenzi ya kuzisukuma. Kwa hiyo modeli inayotegemea msukumo wa lenzi peke yake ina maswali ya kujibu, hata ikichora kikombe kizuri. Zima nguvu mojamoja. Kama umbo halibadiliki unapoizima nguvu uliyoiita muhimu, picha ulizonazo haziwezi kuithibitisha. Utahitaji jaribio: kukata tishu kwa leza na kuangalia inavyofunguka, au dawa inayozuia mkazo wa seli.

Simama hapa, tena mara tatu. Hesabu zikikataa kutulia hata kwa hatua ndogo ya muda, tafuta mwanahisabati wa mekanika kabla ya kubuni kigezo kingine. Ukitaka kuondoa kiinitete "kibaya" kwenye takwimu, zungumza na mtaalamu wa takwimu kabla, si baada. Na ukumbuke kuwa seli 5,000 kutoka viinitete vitatu ni sampuli tatu. Na kama suluhisho linahitaji samaki wa umri mkubwa zaidi, nenda kwenye kamati ya maadili: sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, humlinda kiluwiluwi wa samaki tangu anapoanza kujilisha mwenyewe.

Dalili: kompyuta mbili, majibu mawili

Toleo la programu ni tofauti, au namba ya bahati nasibu haijafungwa. Kama tofauti ni ya mara kumi au mara elfu, tazama nukta: kompyuta iliyowekwa lugha inayoandika desimali kwa koma huisoma 0.325 kama 325. Memori ikijaa katikati ya kazi, baadhi ya hati za programu huruka kipande na kuendelea bila kusema, kwa hiyo hesabu vipande vilivyotoka ulinganishe na vilivyoingia.